Isotopi

Isotopi (kutoka maneno ya Kigiriki ἴσος, isos, "sawa", na τόπος, topos, "mahali") ni atomi za elementi ileile ya kikemia zenye idadi sawa ya protoni lakini idadi tofauti ya nyutroni katika kiini. Idadi ya protoni huitwa namba atomia, nayo ndiyo inayoamua atomi ni ya elementi gani. Idadi ya nyutroni haibadilishi elementi. Hubadilisha masi ya atomi, na mara nyingi pia uthabiti wa kiini chake.

Kwa mfano, kila atomi yenye protoni 6 ni kaboni. Kaboni nyingi ina nyutroni 6, sehemu ndogo ina nyutroni 7, na sehemu ndogo mno ina nyutroni 8. Aina hizi tatu huitwa kaboni-12, kaboni-13 na kaboni-14. Zote huungua na kuwa dioksidi ya kaboni, na zote huingia katika sukari, mbao, ngozi na mifupa kwa njia ileile. Lakini kaboni-14 peke yake huvunjika polepole na kutoa mionzi, na kwa sababu hiyo hutumiwa kupima umri wa mabaki ya kale.

## Sehemu za atomi

Atomi ina kiini kidogo sana katikati, na elektroni zinazokizunguka. Kiini kina chembe za aina mbili:

* Protoni, yenye chaji chanya ya umeme.
* Nyutroni, isiyo na chaji.

Elektroni ina chaji hasi inayolingana kwa ukubwa na chaji ya protoni. Masi ya protoni ni takriban mara 1,836 ya masi ya elektroni, na nyutroni ni nzito kidogo kuliko protoni. Hivyo karibu masi yote ya atomi imo katika kiini.

Atomi isiyo na chaji huwa na elektroni nyingi sawa na protoni zake. Tabia za kikemia, yaani jinsi atomi inavyoungana na atomi nyingine, hutegemea elektroni. Kwa kuwa idadi ya elektroni hufuata idadi ya protoni, isotopi zote za elementi moja huwa na tabia za kikemia zinazokaribia kufanana kabisa.

## Namba atomia

Namba atomia, ambayo kwa alama huandikwa Z, ni idadi ya protoni katika kiini. Hidrojeni ina namba atomia 1, heli 2, kaboni 6, oksijeni 8, chuma 26, dhahabu 79 na urani 92. Hadi sasa elementi 118 zinajulikana, na hakuna nafasi iliyo wazi kati ya 1 na 118.

Protoni moja ikiongezeka au kupungua, elementi hubadilika. Atomi yenye protoni 79 ni dhahabu na yenye protoni 80 ni zebaki, ingawa tofauti yao katika kiini ni chembe moja tu ya chaji. Moto, asidi au mmenyuko wowote wa kikemia haugusi kiini, bali elektroni za nje tu. Kwa sababu hiyo majaribio ya karne nyingi ya kugeuza risasi kuwa dhahabu kwa njia za kikemia hayakufaulu.

## Namba ya masi na namna ya kuandika isotopi

Jumla ya protoni na nyutroni katika kiini huitwa namba ya masi, na alama yake ni A. Idadi ya nyutroni (N) hupatikana kwa kutoa:

N = A − Z

Isotopi hutajwa kwa jina la elementi likifuatwa na namba ya masi, au kwa alama yenye namba ya masi juu upande wa kushoto. Kwa hiyo urani-235 na ²³⁵U ni kitu kimoja. Urani ina namba atomia 92, hivyo urani-235 ina nyutroni 235 − 92 = 143, na urani-238 ina nyutroni 146.

Si lazima kuandika namba atomia pamoja na alama ya elementi, kwa kuwa alama yenyewe imeshaitaja. Kila penye U protoni ni 92.

## Historia

Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev wa Urusi alipanga elementi katika mfumo radidia akifuata zaidi uzani atomia wake. Mpango huo ulikuwa na kasoro chache. Teluri (127.6) ni nzito kuliko iodini (126.9), lakini kwa tabia zake iodini lazima iwe nyuma ya teluri, katika safu moja na klorini na bromini. Mendeleev aliiweka panapofaa tabia zake, akidhani kwamba vipimo vya uzani vilikuwa na makosa. Baadaye ilionekana kwamba vipimo vilikuwa sahihi. Uzani haukuwa kigezo sahihi cha kupangia.

Mwaka 1911 Mholanzi Antonius van den Broek alipendekeza kwamba nafasi ya elementi katika mfumo inalingana na chaji ya kiini chake. Uthibitisho ulitoka kwa Mwingereza Henry Moseley mwaka 1913 na 1914. Moseley alipima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali, akaona kwamba kipeuo cha pili cha idadi ya mitetemo ya mawimbi hayo kwa sekunde hupanda kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi inayofuata. Kwa njia hiyo elementi ziliweza kuhesabiwa moja baada ya nyingine, na nafasi zilizo tupu zilionekana wazi, zikiwemo 43, 61 na 75. Nafasi ya 75 ilijazwa na reni mwaka 1925, ya 43 na tekneti mwaka 1937, na ya 61 na promethi mwaka 1945. Moseley mwenyewe hakuyaona hayo, kwani aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, mwezi Agosti 1915 akiwa na umri wa miaka 27.

Wakati huohuo watafiti wa unururifu walikuwa na tatizo jingine. Walikuwa wamepata dutu nyingi zenye mionzi tofauti na uzani tofauti, lakini baadhi yake hazikuweza kutenganishwa kwa njia yoyote ya kikemia. Mwaka 1913 Frederick Soddy alieleza kwamba dutu hizo ni elementi moja na zinastahili mahali pamoja katika mfumo radidia. Jina "isotopi" alipewa na daktari Margaret Todd. Soddy alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1921.

Katika miaka hiyohiyo J. J. Thomson aligundua kwamba gesi ya neoni ina atomi zenye masi 20 na nyingine zenye masi 22, ingawa neoni haina unururifu. Mwanafunzi wake Francis Aston alitengeneza mwaka 1919 chombo cha kutenganisha atomi kwa masi, akaonyesha kwamba elementi nyingi za kawaida ni michanganyiko ya isotopi. Sababu ya tofauti hizo ilieleweka vizuri baada ya James Chadwick kugundua nyutroni mwaka 1932.

## Isotopi za hidrojeni

Isotopi za hidrojeni pekee ndizo zinazotumia majina yake ya pekee:

* Proti (¹H): protoni 1, haina nyutroni. Ni zaidi ya asilimia 99.9 ya hidrojeni yote duniani.
* Deuteri (²H au D): protoni 1, nyutroni 1. Ni thabiti. Iligunduliwa na Harold Urey mwaka 1931.
* Triti (³H au T): protoni 1, nyutroni 2. Ni nururifu, na nusu maisha yake ni takriban miaka 12.3.

Deuteri ina masi karibu mara mbili ya proti. Hakuna elementi nyingine ambayo isotopi zake thabiti hutofautiana kwa kiasi hicho, ndiyo maana hapa tofauti huonekana hata katika tabia za kawaida. Maji yaliyotengenezwa kwa deuteri, yanayoitwa maji mazito, huganda kwenye sentigredi 3.8 na kuchemka kwenye sentigredi 101.4. Kipande cha barafu ya maji mazito huzama katika glasi ya maji ya kawaida.

## Uzani atomia

Uzani atomia unaoandikwa katika mfumo radidia ni wastani wa isotopi za elementi kwa uwiano unaopatikana duniani. Uzani atomia wa klorini ni 35.45, lakini hakuna atomi hata moja ya klorini yenye masi hiyo. Katika kila atomi 100 za klorini, takriban 76 ni klorini-35 na 24 ni klorini-37:

(76 × 35 + 24 × 37) ÷ 100 = 35.48

Tofauti ndogo iliyobaki hutokana na kwamba masi halisi za atomi si namba kamili.

Hesabu hiyohiyo hueleza kasoro zilizomsumbua Mendeleev. Iodini yote ya asili ni iodini-127, wakati sehemu kubwa ya teluri ni isotopi za 128 na 130. Vivyo hivyo argoni (namba atomia 18) ina uzani atomia 39.95, na potasiamu (namba atomia 19) ina 39.10. Karibu argoni yote hewani ni argoni-40, kwa sababu imetokana na kuvunjika kwa potasiamu-40 ndani ya miamba kwa mabilioni ya miaka.

## Isotopi thabiti na isotopi nururifu

Isotopi thabiti hudumu bila kubadilika. Bati lina isotopi thabiti 10, nyingi kuliko elementi nyingine yoyote. Florini, sodiamu, alumini, fosfori, iodini na dhahabu zina moja tu kila moja. Tekneti na promethi hazina hata moja, wala elementi zote zinazofuata risasi (namba atomia 82).

Katika isotopi nururifu uwiano wa protoni na nyutroni hauwezi kudumu. Kiini huvunjika na kutoa mnururisho, na mara nyingi namba atomia hubadilika. Njia mbili za kawaida ni hizi:

* Mnururisho wa alfa: kiini hutoa protoni 2 na nyutroni 2 kwa pamoja. Namba atomia hupungua kwa 2 na namba ya masi kwa 4. Urani-238 huwa thori-234.
* Mnururisho wa beta: nyutroni moja hugeuka kuwa protoni na elektroni hutoka. Namba atomia huongezeka kwa 1 na namba ya masi haibadiliki. Kaboni-14 huwa nitrojeni-14.

Muda ambao nusu ya atomi za isotopi fulani huvunjika huitwa nusu maisha. Hauathiriwi na joto, shinikizo wala dawa ya kawaida. Nusu maisha ya iodini-131 ni siku 8, ya kaboni-14 miaka 5,730, na ya urani-238 miaka bilioni 4.5 hivi.

Unururifu si jambo la viwandani peke yake. Potasiamu katika ndizi, maharagwe na mwili wa binadamu ina potasiamu-40 kidogo, takriban atomi moja kati ya kila 8,500. Katika mwili wa mtu mzima zaidi ya 4,000 kati ya atomi hizo huvunjika kila sekunde.

## Kutenganisha isotopi: mfano wa urani

Kwa kuwa isotopi za elementi moja hazitofautiani kikemia, kuzitenganisha ni kazi ngumu. Mfano unaojulikana zaidi ni urani. Urani ya asili ni urani-238 kwa asilimia 99.3 na urani-235 kwa asilimia 0.7 tu. Ni urani-235 inayoweza kupasuka kwa urahisi inapogongwa na nyutroni na kuendeleza mfululizo wa mipasuko. Kuongeza sehemu yake huitwa kurutubisha urani.

Urani hugeuzwa kwanza kuwa gesi kwa kuunganishwa na florini, ambayo ina isotopi moja tu na hivyo haiongezi tofauti nyingine. Molekuli yenye urani-238 ina masi 352 na yenye urani-235 ina 349, tofauti isiyofika asilimia 1. Gesi huzungushwa kwa kasi kubwa katika mitungi, nayo sehemu nzito kidogo husogea ukingoni. Hatua hiyo hurudiwa mara nyingi sana. Vinu vingi vya umeme hutumia urani yenye asilimia 3 hadi 5 ya urani-235. Silaha za nyuklia huhitaji kiwango cha juu zaidi. Kwa sababu hiyo mikataba ya kimataifa hukagua kiwango cha urutubishaji, si kiasi cha urani peke yake.

Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitoka mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, katika Kongo ya Kibelgiji, ambao mawe yake yalikuwa na urani nyingi kupita kawaida. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa la urani iliyorutubishwa.

Huko Oklo nchini Gabon, mwaka 1972 iligunduliwa kwamba urani ya machimbo hayo ilikuwa na urani-235 pungufu kidogo kuliko kawaida. Uchunguzi ulionyesha kwamba miaka takriban bilioni 2 iliyopita mipasuko ya nyuklia ilikuwa imeendelea humo yenyewe ndani ya mwamba wenye maji. Wakati huo urani-235 ilikuwa bado zaidi ya asilimia 3 ya urani yote duniani, kwa kuwa huvunjika haraka kuliko urani-238.

## Matumizi

### Kupima umri

Viumbe hai hupokea kaboni-14 kutoka hewani kupitia chakula. Wakifa, hawaipokei tena, na iliyomo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Willard Libby alianzisha njia ya kupima umri kwa msingi huo mwishoni mwa miaka ya 1940. Inafaa kwa mkaa, mbao na mifupa ya hadi miaka 50,000 hivi.

Kwa mambo ya kale zaidi hutumiwa potasiamu-40, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa argoni-40. Jiwe likiyeyuka katika volkeno, gesi ya argoni hutoka. Jiwe likiganda, argoni mpya huanza kukusanyika ndani yake. Mwaka 1961 njia hii ilitumiwa kwa majivu ya volkeno ya Bonde la Olduvai nchini Tanzania, pale ambapo Mary Leakey alikuwa amepata mwaka 1959 fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Umri uliopatikana ulikuwa takriban miaka milioni 1.75, mkubwa sana kuliko ulivyokadiriwa kabla.

### Tiba na hatari

Namba atomia huamua mahali ambapo atomi itapelekwa mwilini, na kiini huamua itakachofanya ikifika huko. Tezi ya thiroidi iliyo shingoni hukusanya iodini, wala haiwezi kutofautisha iodini-127 ya kawaida na iodini-131 yenye unururifu. Madaktari hutumia jambo hilo kutibu saratani ya tezi hiyo, kwani mgonjwa hunywa dawa na mionzi hufika palepale inapotakiwa. Jambo hilohilo lilileta madhara baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986. Watoto waliokunywa maziwa yenye iodini-131 walipata saratani ya thiroidi kwa wingi kuliko kawaida. Vidonge vya iodini ya kawaida hutolewa katika ajali kama hizo ili tezi ijae kabla ya iodini-131 kufika. Stronti-90 nayo huingia katika mifupa, kwa kuwa stronti imo katika safu moja na kalsiamu.

Kobalti-60 hutoa mionzi mikali ya gamma inayotumiwa kuchoma saratani kutoka nje ya mwili. Mashine za aina hiyo zimetumiwa pia Afrika Mashariki, kwa mfano katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nusu maisha ya kobalti-60 ni miaka 5.3, hivyo kadiri chanzo kinavyozeeka kila mgonjwa huhitaji muda mrefu zaidi chini ya mashine, mpaka kibadilishwe.

Chanzo cha zamani hakipaswi kutupwa ovyo. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, mashine yenye sesi-137 ilichukuliwa kutoka jengo la hospitali lililoachwa, ikavunjwa kama chuma chakavu. Unga uliokuwamo, uliong'aa kwa rangi ya buluu, uligawanywa miongoni mwa majirani. Watu wanne walifariki.

### Maji na hali ya hewa

Molekuli za maji zenye oksijeni-18 ni nzito kuliko zenye oksijeni-16, hivyo huvukizwa kwa shida kidogo na hunyesha mapema. Uwiano wa isotopi hizo katika maji ya kisima huonyesha kama yametokana na mvua ya mlimani au ya tambarare. Katika barafu huhifadhi kumbukumbu ya hali ya hewa ya zamani. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson walitoboa barafu ya Kilimanjaro na kupima oksijeni-18 iliyomo kwa ajili hiyo.

## Isotopi na dhana zinazokaribiana

* Ioni ni atomi iliyopoteza au kuongeza elektroni. Kiini chake hakijabadilika, hivyo elementi na isotopi ni zilezile.
* Alotropi ni maumbo tofauti ya elementi moja kutokana na mpangilio wa atomi zake. Almasi na grafiti ni alotropi za kaboni, na kila moja ina mchanganyiko uleule wa kaboni-12 na kaboni-13.
* Isobari ni atomi za elementi tofauti zenye namba ya masi sawa. Argoni-40, potasiamu-40 na kalsiamu-40 zote zina chembe 40 katika kiini, lakini protoni zake ni 18, 19 na 20. Ya kwanza ni gesi isiyoungana na kitu kwa urahisi, na mbili nyingine ni metali.